Mto Usio na Daraja

Kwetu mtu huulizwa kwanza ni wa ukingo gani, jina litafuata baadaye. Kati ya Mainz na Koblenz mto Rhine hauna daraja hata moja. Una vivuko tu, na ngome juu ya kila mwamba, huku na ng'ambo, zinatazamana kama majirani walionuniana. Sisi ni watu wa Kaub, ukingo wa kulia. Wifi yangu Ulrike ni wa Bacharach, ukingo wa kushoto, yaani upande usiofaa. Kaka yangu Burkhard alipoleta habari kwamba anaoa huko, Baba aliuliza swali moja tu: kwani huku wasichana wameisha?

Siku hizi Burkhard na Ulrike wanakaa Mainz, na mimi na Baba tunakaa mtaa wa jirani, kwa kuwa Baba aliuza nyumba ya Kaub magoti yalipokataa ngazi. Ila Pentekoste ikifika hakuna mjadala. Tunapakia mabegi kwenye baiskeli, familia nzima, tunateremka na mto hadi Koblenz. Wenzetu hupanda ndege waende baharini, wakarudi wekundu kama kamba waliochemshwa. Sisi tuna mto wetu na ngome zetu, na ubishi wetu wa ukingo upi ni bora, ambao nao ni sehemu ya likizo.

Mwaka jana hatukwenda. Jule, binti yao wa miaka kumi na mmoja, alishikwa na kisukari, kile cha watoto, ambacho mwili unaacha kabisa kutengeneza insulini. Sasa hujichoma sindano kila anapokula. Tatizo ni kwamba insulini ikishaingia mwilini hairudi nyuma. Mtoto akijichoma asubuhi kwa ajili ya mkate, kisha akapiga pedeli kupita kiasi, sukari inaporomoka. Ataanza kutetemeka, kisha ataongea ovyo kama mlevi, mwisho ataanguka, na akiachwa hivyo anaweza asiamke. Dawa yake ni rahisi, kitu kitamu mdomoni, upesi. Ila lazima kiwepo.

Tangu hapo wifi yangu aligeuka askari. Popote Jule alipokwenda ulikwenda mfuko mdogo wenye picha ya nungunungu, na ndani yake sindano, vidonge vya sukari, na simu inayosoma kidude kilichobandikwa mkononi mwa mtoto na kumpelekea mama yake habari. Jule akienda kucheza kwa jirani, mama yupo dirishani. Mimi sina mtoto, na mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilimcheka nikamwita Sajenti, mbele ya watu.

Mwaka huu daktari alisema mtoto aendeshe baiskeli, tena ni vizuri kwake. Tukaenda. Usiku wa kwanza tulilala Bacharach kwa wazazi wa Ulrike, na asubuhi ya Jumapili, mezani, Baba akaanzisha yake.

"Huyu mjukuu wangu hajawahi kupita ukingo wa kwao kwa baiskeli," alisema, huku akipaka siagi mkate wake wa tatu. "Leo navuka naye Kaub. Ninyi endeleeni na upande wenu huu. Tutakutana kule chini, kwenye kivuko cha St. Goar."

"Hapana, baba," Ulrike akasema.

"Mama, tafadhali," Jule akadakia. "Ni babu, siyo simba."

"Na huku kwenu kuna nini cha kuona?" Baba aliendelea, kana kwamba hakusikia lolote.

"Huku tunaona ngome zenu. Ninyi mko huko mnaona zetu. Sasa nani aliyepunjika?"

Baba akacheka mpaka akakohoa. Anampenda mkwewe huyo, ila ukimwambia atakataa. Walivutana hadi chai ikapoa, na mwishowe Ulrike akalegea, kwa shingo upande.

"Simu unayo?"

"Ninayo."

"Imewashwa?"

"Ya nini kuiwasha? Simu ni ya dharura. Ikitokea dharura, nitaiwasha."

Wazee wa rika lake wote wako hivyo. Wananunua simu, wanaizima, wanaiweka kwenye soksi ndani ya begi, wanajiona wako salama.

Kwenye gati la kivuko, mkabala na Kaub, Ulrike alimhubiria mtoto mpaka nahodha akapiga honi. Wakati huohuo Burkhard alikuwa akifanya jambo lake. Kaka yangu hawezi kuona kitu kimeinama akakiacha. Nyumbani viatu hupangwa kwa ukubwa, vijiko kwa umri. Mabegi yetu ya pembeni mwa baiskeli yote ni mekundu, ya aina moja, kwa sababu aliyanunua yeye. Akaona baiskeli ya Jule inaelemea upande, akachomoa begi hili akalipeleka kule, la kule akalileta huku, akasimama mbali kidogo kutazama kazi yake, akaridhika. Kivuko kikaondoka. Baba akatupungia kofia yake nyeupe kama mfalme anayerudi kutoka vitani.

Sisi watatu tukaendelea. Hali ya hewa ilikuwa nzuri, upepo uko mgongoni, treni za mizigo zinapita kando yetu. Simu ya Ulrike haikuwa ikipata habari yoyote ya Jule, lakini kule kwenye magenge ya miamba mawimbi ya simu hupotea kila siku, naye akajikaza asiseme kitu. Tulipofika Oberwesel tukakaa kwenye benchi chini ya ukuta wa zamani, akafungua begi lake atoe mafuta ya kukinga jua.

Akatoa nungunungu.

Hakupiga kelele. Ndicho kilichonitisha. Alifungua mfuko, akaitazama simu ya mtoto, vidonge vya sukari, sindano, akaufunga tena taratibu. Kisha akampigia Baba. Sauti ya mashine ikamwambia mwenye namba hiyo hapatikani.

"Nilibadilisha mabegi," Burkhard akasema. Uso wake ulikuwa mweupe kama chokaa. "La Jule lilikuwa zito, baiskeli yake ilikuwa inaegemea..."

"Ulibadilisha."

"Nilitaka uzito ulingane."

"Alijichoma asubuhi," Ulrike alisema, kwa sauti ndogo sana. "Alikula mikate miwili, akajichomea mikate miwili. Na sasa anapiga pedeli."

Kutoka Kaub hadi kivuko kinachofuata, ukingo ule hauna kitu. Ni barabara, reli na mwamba basi. Hakuna nyumba wala duka, na hata kama lingekuwepo, Jumapili ya Pentekoste kwetu hata muuza pipi hafungui. Nikasema tupige simu ya gari la wagonjwa. Ulrike akaniuliza tutawaambia waende wapi. Tukagawana kazi. Burkhard arudi kwenye kivuko cha Kaub awafuate kwa nyuma, mimi na wifi tukimbilie St. Goar, tuvuke, tuwakabili kwa mbele.

"Ulrike, nisamehe," kaka yangu akaanza.

"Burkhard. Nenda."

Sijawahi kuendesha baiskeli vile, hata nilipokuwa msichana. Wifi yangu alikuwa mbele, hatazami njia, anatazama ng'ambo tu, na mara mbili alikaribia kuingia kwenye vichaka. Mashamba ya mizabibu yalipita, ngome zilipita, watalii walitupigia makofi wakidhani tunashindana. Mimi nilikuwa naogopa. Nimesema maneno mengi ya kejeli maishani, na yote yalikuwa yakinirudia.

Mto ulipoanza kujikunja kuuelekea mwamba mkubwa wa Loreley, tuliwaona. Ng'ambo, wadogo kama sisimizi, kofia nyeupe na fulana ya njano. Ulrike akafunga breki, nikamgonga kwa nyuma.

"Jule!" akapiga ukelele. "Juleeee!"

Rhine pale si mto wa kupigiana kelele. Treni ikajibu badala ya mtoto. Tukaona fulana ya njano ikishuka kwenye baiskeli. Tukaiona ikikaa chini, palepale kando ya barabara, kichwa kimeinama kati ya magoti.

"Amekaa," wifi yangu akasema. "Hedwig, amekaa chini."

"Labda amechoka tu."

"Hachoki! Mtoto yule hachoki!"

Ndipo likaja tishari, refu, limebeba makontena kama ghorofa zinazotembea, likipanda mto kwa mwendo wa konokono. Likatuziba. Tulisimama pale tumeshikana mikono, tukisoma majina ya kampuni za dunia nzima yaliyoandikwa kwenye yale makontena, na nililaani kila bidhaa iliyokuwamo. Lilipomaliza kupita, ng'ambo hapakuwa na mtu. Hapakuwa na kofia, fulana wala baiskeli.

Kutoka pale hadi St. Goar sikumbuki njia. Nakumbuka tu kwamba tuliwapita wenye magari waliopanga foleni, nao wakatupigia honi, kwa maana kwetu kuruka foleni ni kosa kubwa kuliko wizi. Nahodha wa kivuko, bwana mmoja mnene, alikuwa akitafuna kipande cha soseji.

"Akina mama, taratibu," akasema. "Kuna meli inapita. Mto hauna breki."

"Mtoto wangu yuko ng'ambo bila sukari," Ulrike akamwambia. "Ana kisukari. Tumemwona amekaa chini, sasa hatumwoni."

Yule bwana akaacha kutafuna. Akafunga mnyororo mbele ya magari, ambayo hayakuwa yamepanda hata moja, akasema, "Pandeni," na meli ilipopisha tu akaondoka na abiria wawili na baiskeli mbili. Nyuma yetu honi zilikuwa matusi matupu. Mungu ambariki mtu yule.

Katikati ya mto nilimshika wifi yangu mkono. Ulikuwa wa baridi.

"Si ulisema mimi sajenti?" akaniuliza bila kunitazama.

"Nilisema."

"Basi leo nyamaza."

Nikaendelea kumshika mkono.

Ng'ambo tukageuza baiskeli, tukapanda na mto, mwamba juu ya vichwa vyetu. Njia inapinda pale, huoni mbele. Tukapinda, na chini ya ukuta wa reli, penye kivuli, palikuwa na baiskeli mbili zimeegemezwa vizuri. Baba alikuwa amelala chali kwenye majani, kofia usoni. Kando yake alikaa Jule, miguu ameinyoosha, anakunywa kwenye chupa kubwa ya kijani, moja kwa moja mdomoni, kama mlevi wa bandarini.

Wifi yangu aliiangusha baiskeli katikati ya njia. Akashuka chini kama nguo inayodondoka kwenye kamba.

Jule akamtazama kwa makini, macho yamebana, vile daktari anavyomtazama mtu.

"Mama, unatetemeka. Umekula nini leo?"

"Mimi... wewe..."

"Asubuhi hukula, ulikuwa unabishana na babu. Shika. Kunywa. Kunywa nyingi, usinywe kidogokidogo."

Akampa chupa, akaishikilia kwa chini mama yake asiimwage. Na Sajenti wetu akanywa, akimtazama mtoto juu ya mdomo wa chupa, machozi yanamtiririka. Mtoto alikuwa na rangi nzuri mashavuni, na akili yake yote. Nilijisikia kama mtu aliyetuliwa gunia la viazi mgongoni. Nilicheka na kupiga mayowe palepale, Baba akaamka akidhani kuna ajali.

"Mnafanya nini huku?" akauliza. "Si tulisema tukutane kwenye kivuko?"

"Tuliona Jule amekaa chini," nikamwambia, "kisha mkapotea!"

"Ni magoti ya babu," Jule akasema. "Yaligoma. Nikamwambia tukae, akakataa, basi nikakaa mimi ili aone haya. Halafu jua likawa kali, tukasogea huku kivulini."

Hapo ndipo tukasikia mkasa wote. Walipokuwa ndiyo kwanza wameshuka Kaub, Jule alifungua begi atoe simu apige picha ile ngome iliyosimama katikati ya mto. Badala ya simu akakuta soksi za mama yake na sidiria.

"Nilimwambia babu, hii siyo ya kwangu, mimi sisafiri bila sukari. Babu akasema hii ndiyo dharura, akaiwasha simu yake. Ikataka namba ya siri."

"Namba ninaijua," Baba akasema.

"Alikosea, akakosea tena, mara ya tatu ikajifunga."

"Wameibadilisha bila kuniambia."

Namba zetu Jule hazijui kwa kichwa, zote zimo kwenye simu yake. Namba pekee anayoijua Baba ni ya nyumbani kwetu Mainz. Kwa hiyo ilibidi kutafuta simu, na zaidi ya simu, kitu kitamu, na Kaub yote ilikuwa imefungwa au imekwenda kanisani. Mlango mmoja tu ulikuwa wazi, wa Norbert.

Huyo Norbert alikuwa jirani yetu wa zamani, na shamba lake la mizabibu limepakana na lililokuwa letu. Miaka mingi nyuma, kwenye sherehe ya mavuno, alisema mbele ya mji mzima kwamba divai ya Ottmar ni nzuri sana, kwa kusafishia vitasa vya mlango. Ottmar ndiye Baba. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Baba alikuwa akizunguka mtaa mzima kwenda kununua mkate, asipite mbele ya lango lile. Hata kwenye mazishi ya mama yangu, Norbert alisimama nje ya uzio wa makaburi, na Baba hakumwita aingie.

"Babu alisimama mlangoni kwanza," Jule akasema. "Halafu akabisha. Yule mzee akatoka, wakatazamana. Babu akasema, 'Norbert, mtoto wangu anahitaji sukari.'"

"Mjukuu," Baba akarekebisha.

"Ulisema mtoto."

"Na Norbert akasemaje?" nikauliza. Sikuamini masikio yangu.

"Hakusema kitu. Akakimbia. Mzee vile, akakimbia! Akaja na chupa za juisi ya zabibu zake mwenyewe, na sukari ya chai, na asali, na keki. Akataka kunipa vyote kwa pamoja. Nikamwambia sasa hivi siko vibaya, ni ya njiani tu. Babu akapiga simu nyumbani Mainz, akakasirika kwamba shangazi hapokei."

"Sikupokea kwa sababu nilikuwa huku, Baba."

"Ndiyo nikajua baadaye," Baba akasema.

"Si mngesubiri palepale kwa Norbert basi!" Ulrike alipata sauti yake. "Kwa nini mliondoka?"

"Kwa sababu mngefika kivukoni, msituone, ukafa kwa presha," Jule akamjibu. "Nilijua. Tulikuja polepole. Kidude cha mkononi hakisomeki bila simu, kwa hiyo nilikuwa nausikiliza mwili. Kila tukiona ngome mpya kwenu huko ng'ambo tunasimama, nakunywa mafunda kadhaa. Mama, ngome zenu ni nyingi, nusura nipasuke tumbo."

Ulrike akachukua nungunungu, akatoa simu, akaisogeza kwenye mkono wa mtoto. Namba ilipotokea akaitazama, akanionyesha mimi, kisha Baba. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa juu kidogo, kwa ajili ya zile ngome, lakini nzuri. Akamvuta Jule kifuani akambana mpaka mtoto akalalamika kwamba helmeti ya mama inamchoma.

Burkhard akatokea upande wa Kaub, jasho tupu, amefunga chupa nyingine mbili za juisi ya Norbert nyuma ya baiskeli kwa kamba. Alipoona sote tuko hai aliketi barabarani akalia kwa sauti, kaka yangu yule wa vijiko. Ulrike akamwendea, akamfuta uso kwa kitambaa cha shingoni mwake, akamwambia mabegi asiyaguse tena hadi atakapostaafu.

"Norbert amesema nikuulize, Baba," Burkhard akasema alipotulia, "hiyo juisi ukiilinganisha na divai yako unaionaje."

Baba akaichukua chupa, akainywa, akajipangusa midomo.

"Mwambie nitakuja kumjibu mwenyewe," akasema.

Tukaandaa chakula palepale kwenye majani: mkate, jibini, soseji, figili za bibi wa Bacharach. Jule akahesabu mkate wake kwa macho, akajichoma mwenyewe, akala. Mama yake alimtazama mwanzo hadi mwisho, mikono ameikalia. Kisha akasema atajinyoosha kidogo tu, mgongo unauma. Akalala ubavu, kichwa juu ya begi jekundu, simu mkononi. Kabla hatujafunika jibini alikuwa akikoroma.

Nikataka kumcheka. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Usimwamshe," Burkhard akaninong'oneza. "Tangu Jule augue hajalala usiku mzima hata mara moja. Anaamka, anakwenda kusikiliza kama anapumua. Mimi nikiamka, nakuta upande wake hauna mtu."

Sikuwa nikijua. Mwaka mzima nilikaa mtaa wa jirani, nakunywa kahawa jikoni kwake, namwita Sajenti, na sikuwa nikijua.

Treni ya mizigo ikapita juu ya ukuta, kelele za kuziba masikio, wala hakujigeuza. Baba akaanza kutazama jua na kusema kwa sauti ya chini kwamba Koblenz bado ni mbali, vyumba tumeshalipia, tukichelewa itakuwaje.

"Babu, Koblenz haihami," Jule akamjibu.

Akasogea kwa magoti hadi kwa mama yake. Akamfungua vidole kimoja kimoja, akaitoa ile simu, akaizima mlio, akaiweka mapajani mwake pamoja na ya kwake. Kisha akakaa wima, mgongo ameuelekeza kwenye jua ili kivuli chake kimwangukie mama usoni, na kila mara mkono wake ulikwenda kugusa ubavu wa mama kuona kama unapanda na kushuka.